Akaunti ina kufuli mbili, wewe umebeba ufunguo mmoja

SWALI: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Morogoro, kazi yangu mamantilie, nina vijana watatu ninaowalipa. Nina akaunti ya akiba tangu 2011, niliifungua kwa kadi ya mpiga kura. Mwezi uliopita niliuza kiwanja changu kwa shilingi milioni 14. Mnunuzi yuko Dar, akamtuma mdogo wake wa hapa Morogoro aniwekee kwa wakala, akaweka kwa mafungu manne ndani ya siku mbili. Nilipokwenda kutoa ada ya mwanangu nikaambiwa akaunti imezuiwa, nilete kitambulisho cha NIDA. Nikapeleka. Kumbe kwenye akaunti jina la baba ni Omari, NIDA wameandika Omary. Kidole nacho kikakataa mara sita. Wakaniambia nilete kiapo. Nimelipia kiapo kwa wakili, nimekipeleka, bado naambiwa 'makao makuu wanashughulikia', na sasa wananiuliza pesa nimeitoa wapi. Cha ajabu, juzi mteja wangu alinirushia elfu hamsini humo humo ikaingia! Kuingia inaingia, kutoka haitoki. Mpwa wangu anasema nifunge akaunti nihamishie hela kwake. Halafu jana alinipigia mtu akasema anatoka benki, akaomba namba ya NIDA nikampa, alipotaka na tarakimu zilizokuja kwa meseji nikakata simu. Je, benki wanaweza kuninyang'anya hela yangu? Wananiona mwizi?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Pesa ni yako, na bado ni yako hata sasa hivi ninapoandika. Benki kukuzuia usitoe ni jambo moja, benki kuichukua ni jambo jingine kabisa. Salio lako ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe, na deni halifutiki kwa sababu herufi moja ya jina haikulingana. Ili pesa ya mtu itaifishwe lazima mahakama iingie, na kwa ulivyonieleza sioni dalili yoyote kwamba umefika huko. Na ulipokata ile simu ulifanya jambo la maana kuliko yote uliyoyafanya mwezi huu. Nitairudia mbele.

Nimekaa benki miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa upande wa pili wa dirisha ulilosimama wewe, nikihakiki wateja. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nami nilidhani ni suala la jina tu. Siyo. Akaunti yako imefungwa kwa kufuli mbili, na kila moja ina ufunguo wake. Kufuli ya kwanza inauliza: wewe ndiye mwenye akaunti hii? Ya pili inauliza: hizi milioni 14 zimetoka wapi? Kiapo ulicholipia kinafungua ile ya kwanza peke yake. Ndiyo maana umekipeleka na mlango haujafunguka, ukaanza kuhisi unazungushwa. Ofisa wa dirishani angekwambia hivyo siku ya kwanza ungeokoa nauli za daladala.

Tuanze na jina. Mwaka 2011 Watanzania wengi hawakuwa na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo benki zilipokea kadi ya mpiga kura, leseni, pasipoti, hata barua ya serikali ya mtaa yenye picha na mhuri. Jina liliingia kwenye kompyuta kama karani alivyolisikia au alivyolisoma. Leo benki inahakiki kwa namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20 inayoanza na mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Mfumo wa benki unauliza mfumo wa NIDA, "namba hii ni ya nani?", kisha unalinganisha jibu na jina lililopo kwenye akaunti, herufi kwa herufi. Mimi na wewe tunajua Omari na Omary ni mtu mmoja, kama tunavyojua Hamisi ni Khamis na Saidi ni Said. Mashine haijui hilo. Yenyewe inaona herufi "i" mahali panapotakiwa "y", inawasha taa nyekundu na kusubiri binadamu aamue. Nilikuwa na mteja, mzee wa watu, aliyeandikwa kwa tahajia tatu tofauti kwenye nyaraka nne. Hakuwa tapeli, alikuwa amekutana na makarani wanne.

Usiwaze kwenda NIDA kubadili Omary iwe Omari ili ilingane na benki. Wengi hukimbilia huko, na kwa maoni yangu ni kujitwisha mzigo usio na sababu. Rekodi ya NIDA sasa ndiyo shina. Laini yako ya simu imesajiliwa kwa hiyo, namba yako ya mlipakodi kama unayo imefungwa humo, na pasipoti ukiomba itafuata humo humo. Ukiligusa shina unatikisa matawi yote. Rekebisha tawi, yaani benki. NIDA uiguse tu kama wao ndio waliokosea kabisa, kwa mfano cheti chako cha kuzaliwa kinasema mwaka mwingine au jina tofauti moja kwa moja. Hapo nenda ofisi yao ya wilaya na cheti cha RITA mkononi.

Kuhusu kiapo chenyewe, kisome tena leo. Kiapo kinachofaa kwa tatizo lako kinasema waziwazi kwamba majina yote mawili, yaliyoandikwa kamili kwa tahajia zake zote mbili, ni ya mtu mmoja ambaye ni wewe. Kinataja namba yako ya NIDA na namba ya akaunti, kinasema jina utakaloendelea kulitumia ni lipi, na kina sahihi yako na mhuri wa kamishna wa viapo au hakimu. Nimeona viapo vya kununua vilivyochapwa tayari, jina limejazwa kwa kalamu, namba ya akaunti haimo. Benki hukipokea, makao makuu wanakirudisha, na wewe unaambiwa "bado". Kama chako ni cha namna hiyo, rudi kwa wakili yuleyule akirekebishe, na sidhani kama ana haki ya kukutoza upya kwa kosa lake. Usikubali pia kuuziwa hati ya kubadili jina. Hiyo ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua jingine, inasajiliwa, inachukua muda na gharama. Wewe hujabadili jina, umeandikwa tofauti. Aliyeolewa akachukua jina la mume huwa na cheti cha ndoa, hicho nacho ni ushahidi tosha mara nyingi.

Sasa kidole. Umenichekesha kidogo uliposema "mara sita", maana naiona foleni nyuma yako inavyoguna. Sikiliza, mashine ile haipigi picha ya kidole kama picha ya pasipoti. Inatafuta vile vimistari vya ngozi, wapi kinaishia, wapi kinagawanyika mara mbili, kisha inalinganisha vituo hivyo na vile vilivyochukuliwa siku uliyojiandikisha NIDA. Mikono ya mamantilie inakaa kwenye maji ya moto, majivu, sabuni ya unga na steelwaya kutwa nzima. Vimistari vinasagika, ngozi inakauka na kupasuka, mashine inaona uso laini kama sahani. Waashi, wafua nguo, wavuvi na wakulima wa jembe la mkono wana shida hiyo hiyo. Habari njema ni kwamba mchoro wa kidole mizizi yake iko chini, kwenye tabaka la ndani la ngozi. Juu pakisagika, ukipumzisha mkono mchoro unarudi uleule.

Kwa hiyo siku chache kabla ya kwenda, vaa glavu za mpira unapoosha masufuria au mwachie mtu mwingine. Usiku paka mafuta kidogo ya kupaka au ya nazi, asubuhi ufute vizuri, maana kidole chenye mafuta mengi nacho kinateleza. Ukifika, mwombe ofisa afute kioo cha mashine, huwa kimejaa jasho la waliotangulia. Bonyeza wastani. Ukikandamiza sana vimistari vinalala na kuungana. Na msikomalie dole gumba peke yake, NIDA walichukua vidole vyote kumi, kwa hiyo omba ujaribishiwe cha shahada na cha kati cha mikono yote miwili. Ikishindikana kabisa, mwombe ofisa aandike kwenye faili lako kwamba vidole havisomeki na aulize utaratibu mbadala wa benki hiyo. Wakisema hawana, nenda NIDA wilayani uombe kuchukuliwa alama upya.

Tuje kwenye kufuli ya pili, ambayo nadhani ndiyo hasa iliyokushika.

Ulipofungua akaunti 2011 ulijaza fomu. Ndani yake palikuwa na sehemu ya kazi na sehemu ya kipato cha mwezi. Wengi wetu tunaijaza harakaharaka na kuisahau. Benki haisahau. Kutokana na fomu ile na mwenendo wako, mfumo unajijengea picha yako: mama huyu anauza chakula, anaweka elfu ishirini, elfu arobaini, Desemba na Januari anatoa za ada. Ghafla, ndani ya siku mbili, zinaingia milioni 14. Si dhambi, lakini si picha uliyozoeleka nayo, na mfumo umetengenezwa kushtuka picha ikibadilika.

Halafu angalia zilivyoingia. Mafungu manne, kwa mawakala, na mtu ambaye si mnunuzi. Mimi na wewe tunajua kilichotokea: mdogo mtu alikwenda kwa wakala wa kwanza, wakala akamwambia floti yangu haitoshi, weka tatu tu, nyingine nenda kwa jirani. Akahangaika hivyo vibanda vinne mpaka kesho yake. Ni hadithi ya kila siku mitaani. Ila kuna watu wengine wanaokatakata pesa hivyo hivyo kwa makusudi, wa dawa za kulevya, wa rushwa, wa kutapeli watu kwa simu, ili kila fungu lionekane dogo lisiulizwe. Kwenye kompyuta ya makao makuu, mdogo wa mnunuzi wako na mtu wa aina hiyo wanafanana kama mapacha. Hakuna aliyekuona mwizi. Wameona umbo la miamala, na umbo hilo sheria inawalazimisha kuliuliza.

Nasema inawalazimisha kwa sababu kuna dhana kwamba benki zinasumbua wateja kwa kujisikia tu. Tangu 2006 tuna sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha haramu, inayoitaka benki imjue mteja wake, ichunguze muamala usioeleweka, na ikishuku iripoti kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa chenye makao yake Paris kinachofuatilia mambo haya, kwamba mifumo yetu ina mapengo. Tulitolewa Juni 2025. Kati ya tarehe hizo mbili benki ziliambiwa zikaze, na moja ya kazi zilizopewa uzito ni kupitia upya faili za zamani kama lako, lenye kadi ya mpiga kura na hakuna namba ya NIDA. Kutolewa kwenye orodha hakujalegeza kitu, maana aliyetolewa anaweza kurudishwa.

Hapo ndipo pana jibu la "kuingia inaingia, kutoka haitoki". Kizuizi cha namna hii kinawekwa upande wa kutoa peke yake. Pesa inayoingia haimdhuru mtu, inakaa na kusubiri. Inayotoka ikishatoka haijulikani itakwenda wapi, na kama kweli ingekuwa ya mtu aliyetapeliwa, hapo ndipo ingepotea. Kwa sasa nakushauri umwambie mteja wako asikurushie tena humo. Haitapotea, lakini utakuwa unaijaza chupa iliyofungwa kizibo na biashara yako inahitaji mtaji wa mchele kila asubuhi.

Na ule ukimya wa ofisa, "makao makuu wanashughulikia"? Una sura mbili, na ni haki yako kuzitofautisha. Sheria ile ile inamkataza mtumishi wa benki kumdokeza mteja kwamba taarifa yake imepelekwa au itapelekwa kwa Kitengo. Akikwambia, yeye ndiye anashtakiwa. Kwa hiyo kuna swali moja ambalo halitajibiwa hata ulie: "mmeniripoti?" Usilipotezee pumzi. Ila hakuna sheria inayomkataza kukwambia ni nyaraka gani zinapungua. Hilo anapaswa kulisema, na akilificha nyuma ya makao makuu huo ni uvivu tu.

Kwa hiyo ukirudi, uliza hivi, kwa maneno haya haya: "Kizuizi hiki ni cha taarifa zangu, au cha muamala, au ni amri iliyotoka nje ya benki? Naomba mniandikie nyaraka zinazotakiwa." Swali hilo linamaliza nusu ya mizunguko, kwa sababu vizuizi havifanani. Kuna akaunti inayolala kwa kutotumika muda mrefu, hiyo huamshwa kwa kufika na kitambulisho. Kuna ya kuhuishwa taarifa, hiyo ndiyo kufuli yako ya kwanza. Kuna ya kuchunguzwa muamala, ndiyo ya pili. Na kuna inayofungwa kwa amri ya mahakama, au kwa agizo la TRA kwa mtu mwenye deni la kodi, na huko meneja wa tawi hana mamlaka hata akikuonea huruma.

Kwa kufuli ya pili peleka ushahidi wa safari nzima ya ile pesa, tangu ardhini mpaka kwenye salio. Hati ya mauziano ya kiwanja, nakala iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa au wakili, yenye sahihi za mashahidi. Hati ya zamani inayoonyesha wewe ulikipata vipi: ulinunua, ulirithi, ulipewa. Nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, na barua yake fupi inayosema kwamba alimtuma mdogo wake fulani, siku fulani, aweke kiasi fulani kwa mafungu kwa sababu mawakala hawakuwa na floti. Risiti za wakala kama mdogo mtu anazo, au meseji za uthibitisho kwenye simu yake. Angalia jina lako kwenye hati ya mauziano liwe linasomeka kama lilivyo NIDA. Kama humo umeandikwa Omari, kiapo chako kitaje na hati hiyo, usije ukaanza mzunguko wa tatu.

Juu ya lundo hilo weka barua ya ukurasa mmoja, uiandike wewe mwenyewe kwa mkono ukitaka, Kiswahili cha kawaida kinatosha: "Mimi ni fulani, mwenye akaunti namba fulani. Tarehe fulani niliuza kiwanja changu kilichopo mtaa fulani kwa shilingi 14,000,000. Fedha ziliwekwa na fulani kwa niaba ya mnunuzi fulani, kama ifuatavyo. Nimeambatanisha nyaraka. Natarajia kuzitumia kulipa ada na kuongeza mtaji." Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Nakala hiyo yenye mhuri ina nguvu kuliko mara kumi za kufika pale na kusimulia kwa mdomo, kwa sababu anayeamua hayupo Morogoro. Yuko ghorofani Dar es Salaam, hajawahi kukuona, anasoma kilichoskaniwa. Ulichosimulia dirishani kinaishia dirishani.

Mpwa wako ana nia nzuri, naamini, lakini ushauri wake ni mbovu. Kwanza hauwezekani, akaunti iliyozuiwa kutoa haifungwi na kulipwa mpaka maswali yaishe. Pili, hata ingewezekana, pesa iliyoulizwa chanzo chake ikahamia haraka kwa mtu mwingine ndiyo picha ile ile wanayoitafuta, na sasa akaunti mbili zingezuiwa badala ya moja. Tatu, nisamehe kwa kusema, milioni 14 zikikaa kwa jina la mpwa ni za mpwa, mpaka uthibitishe vinginevyo. Nimeona familia zikigawanyika kwa pesa pungufu ya hapo. Kuhamia benki nyingine baadaye ni haki yako, ila nako utakuta NIDA ile ile, kidole kile kile na swali lile lile.

Ada ndiyo inayokubana, najua. Mwandikie meneja wa tawi uombe waruhusu kiasi hicho tu kilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, ukiambatanisha fomu ya kujiunga au ankara ya shule. Hawalazimiki kukubali, na kama kizuizi ni cha muamala wanaweza kukataa kabisa. Lakini kuna mameneja wanaokubali, hasa pesa inapokwenda mahali panapojulikana, na kwa fedha zilizokuwemo kabla ya zile milioni kuingia una hoja nzuri zaidi. Wakati huo huo nenda shuleni na ile barua yenye mhuri, omba muda. Wakuu wa shule wanajua kusoma mhuri.

Ukishapeleka kila kitu na hakuna jibu, usiendelee kulalamika kwa ofisa yule yule. Andika malalamiko rasmi kwa kitengo cha malalamiko cha benki yako makao makuu, uambatanishe nakala iliyogongwa mhuri. Wasipokujibu au jibu lisikuridhishe, lipeleke Benki Kuu ya Tanzania. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinakupa njia hiyo, na kwa aliye Morogoro ofisi za karibu ni Dodoma na Dar es Salaam. Watakuuliza kwanza kama ulianza na benki yako, ndiyo maana nakazania mhuri. Benki Kuu inaweza kuisukuma benki ijibu na itende haki. Haitafungua akaunti iliyofungwa kwa amri ya mahakama.

Ukiambiwa ni amri ya mahakama, au ukiitwa polisi kuhusu pesa hiyo, hapo achana na ushauri wa kusoma kama huu wangu. Tafuta wakili akae na wewe, aone nyaraka, na usiandike maelezo yoyote kituoni ukiwa peke yako. Huna uwezo wa kumlipa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure, ulizia ofisi ya halmashauri yako, wapo na wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata. Vivyo hivyo ikitokea benki ikwambie zile fedha zinalalamikiwa na mtu mwingine. Hapo suala limehamia kwa mnunuzi wako na alikozitoa, na unahitaji mtu wa sheria kuliko mtu wa benki.

Turudi kwa aliyepiga simu. Sijui alijuaje kwamba akaunti yako imezuiwa. Inawezekana hakujua, matapeli hupiga simu mia na kusema "akaunti yako ina tatizo", na kati ya mia lazima wampate ambaye kweli ina tatizo. Benki halisi haikuombi namba ya siri wala tarakimu zinazokuja kwa meseji, si kwa simu, si kwa WhatsApp, si hata ukiwa dirishani. Zile tarakimu ndizo funguo. Namba ya NIDA peke yake haimtoshi mtu kukuibia, lakini inampa pa kuanzia, kwa hiyo leo piga *106# kwenye simu yako uangalie namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho waifute. Namba ya aliyekupigia itume 15040. Kisha badili namba ya siri ya huduma ya benki kwenye simu, na ukitaka kuipigia benki tumia namba iliyo nyuma ya kadi yako, siyo iliyokupigia.

Kufuli zote mbili zikifunguka, usiondoke tawini kabla hujaomba fomu ya kuhuisha taarifa. Andika kazi yako kama ilivyo sasa na kipato cha kweli. Mamantilie wa 2011 na wewe wa leo mwenye vijana watatu unaowalipa si mtu mmoja kwa hesabu, na ukiacha picha ya zamani utaulizwa tena mwakani. Pesa zote unaruhusiwa kuzitoa siku hiyo hiyo, ni zako. Mimi nisingezitoa, nusu kwa sababu ya mfumo na nusu kwa sababu ya vibaka wa nje. Na ukiuza kitu kikubwa tena, mpigie ofisa wako kabla, kisha mwambie mnunuzi ahamishe mwenyewe kutoka benki yake kwenda yako, kwa mkupuo mmoja, kwa jina lake. Vibanda vya wakala ni vya elfu hamsini za mteja wa ugali.

Hati ya mauziano na barua ya mnunuzi unaweza kuzikusanya wiki hii, Dar si mbali, basi la asubuhi na la jioni limekurudisha. Panga kwenda benki Jumanne, Jumatatu foleni huwa inafika barabarani. Jumapili na Jumatatu vyombo waachie hao vijana, nazi wakune wao, na usiku mafuta kidogo kwenye vidole vyote kumi.